Sauti ya Mtafsiri Kinywani mwa Binti Yangu

Mama yangu alianguka mbele ya mlango wangu mchana kweupe, mvua ikiwa imetoka kukatika, na binti yangu akamtangaza.

Sisemi alimcheka. Kucheka ningemsamehe, ana miaka saba, na udongo wa Karatu ukilowa unamwangusha mtu yeyote, hata wageni wanaokuja na viatu vyao vya kupandia milima. Nasema alimtangaza. Mama alikuwa ameshuka kwenye bodaboda pale barabarani, anatoka kijijini kwake Kansay, kibuyu cha maziwa mkononi na furushi la mboga kichwani. Alipovuka mtaro mguu ukateleza, akaenda chini kwa ubavu, maziwa yakamwagikia kwenye tope jekundu. Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini. Hakuinuka. Aliweka ngumi mdomoni kama ameshika kipaza sauti, akaishusha sauti yake mpaka ikawa nzito, ya mwanaume, akasema:

"Na hapo bibi wa Kansay anakwenda chini kama gunia la vitunguu! Oyaa, mwangalieni! Inuka bibi, picha bado mbichi!"

Watoto wa jirani wakapiga makofi. Mama, akiwa bado kwenye tope, akamnyooshea mjukuu wake mkono ili amwinue. Mtoto akauangalia ule mkono. Akasema kwa sauti ile ile, "Anaomba msaada, lakini nani atamsaidia?"

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Nilimwinua mama, nikamkalisha kwenye kiti changu cha kushonea, nikamfuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Halafu nikavua ndala. Watoto wote wakakimbia, na binti yangu akajikunja akijua ni zamu yake. Nikampita. Nilikuwa naijua ile sauti imetoka wapi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa na dereva wa watalii, na sehemu kubwa ya mwaka mume wangu yuko Kreta, kule Ngorongoro, au mbele zaidi huko na wageni wake. Nyumba na fremu yangu ya kushonea ni kitu kimoja, na ukuta wa upande wa kulia, wa mabati, ni ukuta pia wa banda la video. Banda lenyewe ni benchi za mbao, televisheni moja kubwa, pazia la turubai, na spika mbili zilizogeuziwa barabarani ili anayepita asikie uhondo aingie. Mwenye banda ndiye mtafsiri. Miji mingine wanacheza picha ambazo tayari zimetiwa Kiswahili na watafsiri wa mbali. Wa kwetu anatafsiri mwenyewe papo hapo, kipaza sauti mkononi, na hajui Kichina, hajui Kihindi, na Kiingereza chake nakijua maana tulisoma shule moja. Anachotafsiri ni mtaa.

Ndiyo siri ya banda lake kujaa. Jambazi kwenye picha anapewa tabia za muuza nyama wa kona. Mfalme anapewa kitambi cha fundi gereji. Na kila mwanamke anayepata kipigo kwenye picha ana makazi Karatu. Leo ni yule aliyeachwa na mumewe, kesho ni mama muuza mbogamboga aliyegombana na mgambo, na asubuhi yake watu wakimwona muuza mbogamboga wanamwambia, "Mama, jana ulichezea teke la shingo!" Naye anacheka, afanye nini? Ukinuna, kesho unapigwa tena, mara mbili.

Binti yangu alianza kwa kuchungulia kwenye tundu la mabati. Mtafsiri akamwona, akamwita ndani, akamkalisha benchi la mbele bila kumtoza chochote. Alimwita kengele yake. Mtoto ana kicheko kikubwa, kikilia banda zima linafuata. Mwanzoni sikuona ubaya. Nilikuwa na sare za shule za kushona, shule zinakaribia kufunguliwa, mtoto yuko mita chache kutoka kwangu na namsikia anacheka. Mama gani mwenye kazi anakataa hilo?

Halafu akaanza kutangaza. Kuku akichinjwa uani, anatangaza. Mwenzake akichapwa na mwalimu, anarudi nyumbani anatutangazia viboko kimoja kimoja, na yule mwenzake ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Siku moja nilikuwa nalia kwenye simu, mambo yangu na mume wangu, nikasikia nyuma yangu, "Jenerali wa kike anatoa machozi, jeshi limemkimbia!" Niligeuka nikamwona amekaa ametulia, ananitazama. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anasubiri niinuke niendelee, kama wanavyoinuka kwenye picha. Hilo ndilo lililonitisha. Mtoto alikuwa ameacha kuona kwamba mtu akianguka anaumia.

Nilimwambia baba yake. Akasema, "Mwache achangamke bwana. Wageni wanapenda watoto wachangamfu." Nikamwambia sikuwazalia wageni. Akasema mtandao unasumbua, wanashuka Kreta.

Watu wanapenda kusema burudani ni burudani tu, ukitoka mlangoni unaiacha ndani. Mimi nashona nguo. Kitambaa ukikikunja kila siku mahali pale pale, mkunjo unaingia kwenye uzi wenyewe, upige pasi utakavyo. Binti yangu alikuwa anakunjwa kila alasiri, na mimi nilikuwa upande wa pili wa bati, nakanyaga cherehani.

Sasa, siku ya ndala. Nilifungua turubai kwa nguvu, mwanga ukaingia, watu wakalalamika. Mtafsiri akanitazama, hata kipaza sauti hakukiweka chini.

"Na sasa anaingia adui mkuu!" akasema, na spika zikaipeleka sauti yake Karatu nzima. "Mama mwenye cherehani! Silaha yake ni ndala moja, ya pili ameisahau mguuni!"

Banda likalipuka.

"Zima hicho kidude," nikamwambia.

"Shemeji, tulia basi. Kaa, picha inanoga."

"Mama yangu ameanguka hapo nje, mwanangu anamtangaza kwa mdomo wako."

"Kwani nimemsukuma mimi?"

Wakacheka tena. Chalii mmoja wa nyuma akapiga mluzi.

"Mtoto simtaki hapa tena, sawa?" nikasema.

"Mimi namtaka? Shem, tuongee ukweli. Mtoto unamwacha hapa wewe mwenyewe ushone sare za watu. Mimi nakulelea. Sema asante."

Nilimrushia ile ndala. Ikampita, ikapiga televisheni, haikuvunja kitu. Nilitoka mguu mmoja mtupu, na nyuma yangu nikasikia anatafsiri jinsi ninavyotembea.

Mama alilala kwangu, ubavu unamuuma. Kesho yake alasiri alikuwa amekaa pembeni ya cherehani yangu anachambua maharage, na upande wa pili picha ya Wachina imeanza. Kelele za mapanga, mateke. Halafu mtafsiri akaingiza sauti ya bibi kizee, Kiswahili cha kwetu kabisa, kile cha mtu aliyezaliwa na Kiiraqw mdomoni, na yule bibi akawa analia kwamba maziwa yake yamemwagika, mguu umeteleza mtaroni, mjukuu wake amekataa kumwinua. Banda lilicheka mpaka mabati yakatetemeka.

Mama akaacha maharage.

"Huyo ni mtu wa kwetu?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni picha ya Wachina."

"Mbona anaongea kama mimi?"

Nikajifanya nahesabu vifungo.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli, "wale wageni. Wale walionipiga picha barabarani nikiwa na kibuyu, mwaka ule. Waliipeleka Uchina?"

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa, na nikatamani kuliko kitu chochote kubomoa lile bati kwa meno. Magari ya watalii yanapita Karatu kila siku, na wakiona bibi mwenye kibuyu na shuka wanatoa kamera dirishani. Mama alikuwa amepigwa picha namna hiyo, hakuombwa, gari likaondoka. Tangu hapo alikuwa anajiuliza ile sura yake imekwenda wapi. Sasa alidhani amepata jibu. Alidhani amepelekwa nchi ya watu, akatengenezewa picha, na sasa dunia nzima inamwona anaanguka.

"Wamejuaje nimeanguka jana?" akauliza. "Wana kamera hapo mtaroni?"

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia hakuna Mchina anayemjua, ni jirani yangu wa ukuta huu. Na kwa sababu alitaka kujua ni mtoto wa nani, nikamtajia mama yake, yule mama ambaye yeye mwenyewe alikuwa anampelekea maziwa alipokuwa amejifungua huyo huyo mtafsiri.

Kisha akasema, "Afadhali wangekuwa Wachina."

Akafunga furushi lake akaniambia, "Maziwa nitayaleta stendi. Uwe unakuja kuyachukulia pale. Huku kwako sivuki tena." Binti yangu alikuwa amesimama pale anasikiliza. Bibi yake akamgusa kichwa akapita, kama mtu anavyomgusa mtoto asiye wake.

Kwa hiyo nikaamua kumrudishia.

Fundi nguo anajua mengi. Anajua nani amenenepa ghafla na nani amekonda kwa mawazo. Suruali ya mwanaume ina habari nyingi, na kazi yetu inadumu kwa sababu hatusemi. Miaka kadhaa nyuma, kabla hajafungua banda, mtafsiri alipata kazi ya kusaidia mpishi kwenye kambi ya watalii ukingoni mwa Kreta. Hakumaliza wiki. Watu waliambiwa aliugua baridi. Mimi nilijua kwa nini alirudi, maana aliniletea suruali ndani ya mfuko wa plastiki akaniangukia. Alikuwa ametumwa maji asubuhi kukiwa na ukungu, kitu kikatikisika kichakani, akadhani ni simba. Alikimbia akapitia kwenye miiba, suruali ikachanika nyuma kutoka kiunoni mpaka gotini, na mengine yaliyotokea humo ndani nilinusa nilipofungua mfuko. Kilichokuwa kichakani ni ngiri jike na watoto wake. Wageni walikuwa wamesimama na vikombe vya kahawa wanaangalia. "Shem, hii ife hapa," aliniambia. Ikafia kwangu.

Siku ya mnada mji unajaa. Watu wanashuka kutoka vijijini, wafugaji wanakuja kutoka mpaka Kakesio, na wakimaliza shughuli zao wengine wanaingia bandani. Katikati ya picha mtafsiri ana desturi ya kutoka kwenda kununua chipsi, anaacha kipaza sauti kwenye benchi na picha inaongea lugha yake. Nilikuwa namngojea kwenye tundu la mabati. Alipotoka, niliingia, nikakaa mahali pake, nikashika kipaza sauti.

"Mnamwona huyo shujaa anayekimbia?" nikasema. Spika zilinishtua, sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. "Msidhani ni Mchina. Ni mtafsiri wenu. Yuko Kreta, ametumwa maji."

Mtu mmoja akacheka, na mimi nikanogewa.

Niliwapa yote. Shujaa akiruka ukuta, nilisema anaruka miiba. Akichomoa panga, nilisema anashikilia suruali isimtoke. Maadui wakatokea watatu, nikasema ni ngiri mama na wanawe, nao wanauliza, "Huyu mjomba anamkimbia nani?" Nilipofika kwenye mfuko wa plastiki, watu walikuwa wameshuka kwenye benchi wako chini wanashika matumbo. Nje barabarani watu walikuwa wamesimama. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Nilisikia utamu mpaka kwenye vidole vya miguu. Alipofungua turubai na chipsi zake mkononi, nikamwonyesha kidole nikasema, "Na huyo hapo amerudi, mpisheni, suruali bado mbichi!"

Uso wake ulikufa. Nilikuwa nimengoja kuuona ule uso, na niliuona, na ulidumu kidogo sana. Kisha akaanza kucheka. Akaja mbele akanichukua mkono akauinua kama bondia aliyeshinda. "Mpigieni makofi mama cherehani!"

Jioni alikuja kwenye fremu yangu. Nilidhani amekuja kupigana, nikashika mkasi.

"Shem, umeua," akasema. "Watu wanauliza utakuja tena lini. Mnada ujao tufanye wawili, mimi wanaume wewe wanawake. Ngiri tutamrudia, watu wamempenda ngiri."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya Karatu nzima, na yeye alikuwa amegundua kwamba kuvuliwa kunalipa. Ukiishi kwa kucheka walioanguka, hata ukianguka mwenyewe unaona tu kwamba banda limejaa. Nilimfukuza.

Na binti yangu? Binti yangu alinikumbatia kiunoni. Hakuwa amenikumbatia hivyo tangu lini sijui. "Mama, wewe ni mkali kuliko yeye! Umemmaliza!" Alinishika mkono tukatoka nje, anataka wenzake waone ni wa nani. Wakati huo akawa anapita mama yake mtafsiri, kizee na beseni la ndizi kichwani. Mtoto akaweka ngumi mdomoni. Sauti iliyotoka mara hii haikuwa ya mwanaume. Ilikuwa yangu.

"Na huyo anayepita ndiye aliyemzaa mkimbia ngiri! Chunga bibi, nyuma yako kuna kichaka!"

Yule kizee hakuelewa. Akatabasamu, akasimama, akamwomba mtoto amsaidie kushusha beseni ili ampe ndizi. Binti yangu akautazama mkono wake.

Nilishusha lile beseni mimi. Nilimshika mtoto nikamwingiza ndani, na sikumpiga, maana ningeanzia wapi.

Sikumsamehe mtafsiri, na sina mpango. Hasira yangu ni ile ile, ila nilikuwa nimeona kwamba kwa kicheko hapigiki, kicheko ni chakula chake. Jumatatu nilifunga fremu nikaenda ofisi ya mtendaji wa kata. Aliponiona tu akaanza kutabasamu.

"Si wewe uliyewavunja watu mbavu siku ya mnada?"

"Ni mimi."

"Aisee, yule ngiri! Sasa umekuja kulalamika nini tena, mama?"

"Malalamiko yangu yapokelewe kwanza, utacheka baadaye."

Tabasamu likamtoka. Akasema malalamiko lazima yawe ya maandishi, akidhani nitarudi nyumbani. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Niliandika hivi:

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja na fundi nguo katika kata hii. Ninamlalamikia mwenye banda la video linalopakana na nyumba yangu.

Anawachukua watu walio hai wa mtaa huu, anawatia kwenye picha za ugomvi na kuwapiga kwa mdomo, na spika zake ziko barabarani kwa hiyo asiyetaka kusikia anasikia. Amemfanyia hivyo mama yangu mzazi, ambaye ni mzee na alikuwa ameumia kweli. Tangu siku hiyo mama yangu haji nyumbani kwangu na mjukuu wake hamwoni.

Amekuwa akimwingiza binti yangu wa darasa la kwanza bila kiingilio ili kicheko chake kiite wateja. Mtoto huyo sasa hawezi kumwinua mtu aliyeanguka. Hili ndilo lalamiko langu kubwa na naomba lisisomwe haraka haraka.

Siku ya mnada nilishika kipaza sauti chake nikamfanyia yeye kama anavyofanyia wengine, na mashahidi ni wengi, hata ninyi ofisini mmesikia. Sikatai. Mkiona nina kosa, niandikieni na langu, lakini msilifanye langu kuwa sababu ya kuliacha lake.

Naomba yafuatayo. Spika zigeuziwe ndani. Watoto wa shule ya msingi wasiingie. Mtu wa kata hii asitiwe kwenye picha bila ridhaa yake. Na naomba mlalamikiwa aende Kansay kwa miguu yake, amwombe mama yangu radhi kwa Kiiraqw, lugha ambayo anaijua vizuri sana anapoiigiza. Aende peke yake. Asiwepo mtu wa kusikiliza, asije akapata wa kumpigia makofi.

Nimeleta nakala mbili. Moja ni yenu. Ya pili naomba igongwe muhuri nikiwa nimesimama hapa hapa."